Nilijazia Kopo la Vanishi, Nikampoteza Imu

Nimezingua, jamani. Tena sana. Sitaki mtu anitetee. Jina langu msiliulize, na la rafiki yangu nimelibadili, nimwite Imu.

Mjomba wangu hapa Kilwa anachonga samaki wa mbao, chambo cha kuvulia nguru. Akishachonga anapiga msasa, anapaka mgongo buluu na tumbo jeupe, halafu anamchovya kwenye vanishi na kumtundika kwa uzi akauke. Vanishi ndiyo ngozi yake. Ikikosekana, mbao inakunywa maji, rangi inabanduka, kazi kwisha. Mimi ndiye msaidizi wake nikitoka shule.

Na mimi sasa! Kichwa changu kikikaa bure kinatafuta mtu wa kumcheka. Nikachota vanishi, nikachovya chaki za mwalimu wa hesabu, zikakauka ngumu kama kucha. Kesho yake mwalimu anaandika, ubao unalia kwiii, hakuna kinachoonekana. "Hizi chaki au mifupa?" Darasa hoi. Nilijiona mfalme!

Tatizo, kopo lilikuwa limeshuka. Mjomba angejua. Nikajazia mafuta ya alizeti ya jikoni, rangi si zinafanana? Nikakoroga, nikafunga.

Mjomba akachovya samaki wote walioagizwa na wavuvi. Kesho yake, wabichi. Keshokutwa, wabichi. Wiki ikapita wananata tu, nzi wamegandia, manyoya ya kuku yamegandia. Samaki wameota mabawa! Nilienda kucheka chooni, Mungu anisamehe.

Mjomba akabeba kopo, mimi nyuma yake, mpaka kwa Baba Imu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyemuuzia. Wamekua pamoja hao wawili. Siku hiyo duka limejaa watu.

"Umeniuzia nini, wewe?"

Baba Imu akanusa. "Bwana, hii inanukia maandazi. Kwangu haikutoka hivi."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sijasema hivyo. Wallahi nilikupa kopo limefungwa."

Imu alikuwa nyuma ya kaunta. Akaniona, uso ukamchangamka. "Huyu hapa! Si wewe unamsaidia mjomba wako? Uliliona likifunguliwa. Waambie basi, mwanangu."

Wote wakanigeukia. Neno moja tu lingetosha! Lakini kichwani nikaziona fimbo za mjomba zikiningoja nyumbani, na mdomo wangu ukafanya uliyozoea: "Mimi naona Baba Imu afungue mgahawa tu, chapati tutaleta wenyewe."

Duka zima likaangua kicheko. Imu hakucheka. Baba yake akainama, akajifanya anapanga misumari.

Shuleni habari ilifika kabla yetu. "Imu, leo mnakaanga nini?" Kila siku, kila mapumziko. Wavuvi wakahamia duka jingine. Na mimi nimekaa naye dawati moja, nimejikausha! Siku moja hakuja. Nikaambiwa anahamishiwa kwa shangazi yake Lindi.

Nikakimbia mpaka stendi. Alikuwa na begi mkononi.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Bora angenitukana! Alipanda basi, akakaa dirisha la upande wa pili.

Nilirudi nikamwambia mjomba yote. Hakunigusa. Aliweka msasa chini, akavaa kanzu, akasema, "Twende. Utasema palepale, kwa sauti ileile."

Nikasema, mbele ya wateja wawili watatu waliobaki. Hakuna aliyecheka. Mjomba alimwomba radhi mwenzake machozi yakimlenga, mtu mzima yule, kwa ajili yangu! Baba Imu akamshika mkono. Kisha akaniambia taratibu, "Mimi nimeshasikia, mwanangu. Sasa mwambie mwenye kuumia."

Nampigia Imu asubuhi, nampigia jioni. Simu inaita mpaka inakata. Nimetuma ujumbe, ameusoma, kimya. Dawati nakaa peke yangu, na utani hautoki. Nikifungua mdomo nauona uso wake pale kaunta.

Wenzangu wachekeshaji, nawaomba. Rafiki yako akikuita umtetee mbele za watu, sema kweli hapohapo, hata kama nyumbani kunakungoja kipigo. Zile fimbo nilizoziogopa sikupigwa hata moja. Leo ningelala chini nizile zote, ili Imu apokee simu tu.