Shokapu Zilizopimwa kwa Gunia la Kahawa

Jamani, jambo hili nimelificha miaka mingi, na hata leo nikipita Muleba nashusha kofia hadi puani, lakini kwa kuwa mmenibana nitasema, ila mcheke taratibu.

Yote yaliletwa na wivu. Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa, mimi ni karani wa kupima kahawa kule Kaagya, na nina pikipiki (msidhani lilikuwa jambo dogo). Mwingine aliyekuwa nayo ni Mwalimu Projestus, kijana mtanashati, hajaoa, viatu vinang'aa hata wakati wa masika. Siku moja akampa lifti mke wangu kutoka zahanati, na mke wangu aliposhuka akasema, bila hata kuniangalia, "Baba Koku, ya mwalimu haitikisi. Unakaa kama uko sebuleni." Jioni ile sahani ya ndizi niliisukuma pembeni.

Na alisema kweli. Shokapu zangu za nyuma, zile springi zinazobeba kiti, zilikuwa zimekufa, tukipanda wawili bamba la tope linasugua tairi. Basi nikaenda kwa fundi mmoja kule Hamugembe, na ingawa spea siku zile zilikuwa za kutafuta kwa tochi, yeye alikuwa na jozi mbili, laini na ngumu. Akaniambia, "Mlete mama akae hapo nyuma, nione kiti kinashuka kiasi gani, ndipo tuchague."

Mke wangu apande pale, fundi ainame nyuma yake na kamba ya kupimia? Nikamwambia mama anaumwa (Mungu anisamehe, alikuwa shambani analima). Akasema basi leta kitu chenye uzito wake. Sasa mimi kazi yangu mizani, nilijua wazi kuwa nusu gunia la kahawa linatosha, kwani Mama Koku alikuwa mwembamba, lakini mwanamume gani wa Kihaya atatamka mbele ya watu kwamba mke wake ni nusu gunia? Wangesema namnyima chakula. Nikaleta gunia zima, limeshonwa mdomo. Fundi akaliangalia, akaniangalia mimi.

"Mama ana afya," akasema.

"Kwangu hakondi mtu," nikajibu, naye akafunga zile ngumu.

Jumapili tukaenda ukweni Muleba, shemeji yangu anaoa. Mke wangu amekaa upande, kanga mpya, amepakata kibuyu cha lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, ya kumpelekea baba yake. Kila jiwe lilimrusha. "Polepole waitu, Baba Koku," akawa ananisihi, nami ningepunguza, isipokuwa tulipokaribia nikamwona Mwalimu Projestus mbele yetu, naye kaalikwa, basi nikaongeza moto nimpite mbele ya wakwe zangu. Kwenye lango la uwanja kulikuwa na mtaro wa maji. Nikauruka, nikasimama katikati ya watu, nikashuka nikitabasamu, nikanyoosha mkono kumteremsha mke wangu, na kiti kilikuwa kitupu.

Alikuwa amekaa mtaroni, amelowa lubisi, vipande vya kibuyu mapajani, na anayemwinua ni mwalimu. Niliona wivu hata wakati ule, badala ya kumuuliza kama ameumia.

Mwalimu akaja akakandamiza kiti changu kwa mikono miwili. Hakikusogea. "Hizi zilipimiwa nani?" akauliza. Akili zilikuwa zimenihama, nikasema kweli: gunia la kahawa. Shangazi mmoja alicheka hadi akakaa chini. Mke wangu hakucheka. "Gunia zima?" akauliza.

Mkwe wangu akaamua palepale: binti yake atarudi na mwalimu. Mimi nikafungiwa nyuma gunia la maharage, zawadi ya ukweni. Na jamani, pikipiki ile ilivyotulia, nilikaa kama niko sebuleni kuanzia Muleba hadi nyumbani, huku nikimtazama mke wangu mbele yangu, kanga ya kuazima, wala hakugeuka hata mara moja.

Niliapa kwamba fundi akisema mlete mama, nitampeleka mama. Kesho yake nikampeleka. Akapanda, fundi akapima na kamba yake, mimi nikiangalia ukuta.

"Pole mama, niliambiwa unaumwa," fundi akasema.

"Mimi sikuumwa," akajibu. "Mgonjwa ni huyo anayeangalia ukuta."