Maji ya Kusuuza Uso wa Bibi

Bibi alikuwa anarudi Songwa asubuhi, na alitaka aondoke na picha yake. Ukutani kwake ipo ya babu tu. "Wageni wakiingia wanadhani mzee alizaa peke yake," alisema.

Picha za kuanika juani alitufundisha kutengeneza mwalimu wa sanaa hapa Segese. Unapaka karatasi dawa, ikikauka unalaza juu yake plastiki yenye sura ya mtu, unaianika juani, halafu unaiosha. Panapopigwa na jua panabaki bluu, palipozibwa panabaki peupe. Ya kwanza niliiosha kama tunavyoosha vyombo nyumbani: beseni moja, maji yale yale mpaka mwisho, maana maji tunanunua kwa dumu. Nikaibandika karibu na dirisha. Haikupita wiki, uso wa Bibi ukawa bluu wote. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Bibi hakucheka. Aliuliza tu, "Mimi ndo huyu, au maiti?"

Mwalimu akasema dawa ilibaki ndani ya karatasi, mwanga wa dirisha ukaigeuza bluu. "Badilisha maji mpaka peupe pawe peupe kweli. Usiyaonee huruma." Rahisi kwake kusema.

Nilibakiwa na karatasi moja tu yenye dawa. Jana mchana nikaitoa juani, nikaizamisha. Maji yakawa manjano. Nikamwaga, nikaweka mengine, bado manjano kwa mbali. Dumu nililopewa likaisha, na mashavu ya Bibi bado yana rangi ya limau. Yaliyobaki jikoni yalikuwa ya kupikia. Kumwomba Mama sikuweza. Mimi hata dukani huwa naonyesha kwa kidole, naona haya kusema. Nikabaki nimeinamia beseni.

"Mke mwenzangu, mbona kimya?" Bibi akauliza kutoka mkekani.

"Hakuna kitu, Bibi."

"Nimekufa tena humo?"

"Maji hayajatosha."

Akanyanyuka polepole, akaivuta ndoo yake ya kuoga, ile aliyomtengea Mama kwa ajili ya safari, mpaka miguuni pangu.

"Sasa utaogaje?"

"Nani ananusa bibi kizee? Osha."

Nikaosha, nikimwaga na kubadilisha kidogo kidogo, mpaka maji yakawa yanatoka kama yalivyoingia na mashavu yakawa meupe.

Leo asubuhi picha ilikuwa imekauka, bluu imekolea vizuri. Bibi akaifunga ndani ya kitenge. Mama akamtazama. "Mama, mbona hujaoga?"

"Ameoga huyu," Bibi akasema, akipapasa kitenge. "Mimi nitaoga nikifika."