Jino Jipya la Besi

Watu wa bendi walimwita Nguzo, na jina hilo hakulipata kwa unene. Kwa miaka kumi na minne yeye ndiye aliyeshika gita la besi, na mpiga besi akiteleza, hata mwimbaji mwenye sauti tamu namna gani hubaki anaelea. Siku za kazi alikuwa kiwandani kwa wachapaji wa madaftari, kwenye mashine ya kukata karatasi. Mashine ile haina rafiki. Mwezi wa pili ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati, vidole vilevile vya kubania nyuzi.

Vidonda vilifunga. Vidole vikabaki vifupi, na akivigusisha uzi wa gita anakiona cha mtema kuni. Mumewe, dereva wa lori, mtu mwema kupita kiasi, alimpaka mafuta kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. "Ukipona utarudi bendini," alimwambia, na kila aliyeuliza hali alijibiwa vivyo hivyo: akipona, akipona. Nguzo alilisikia neno hilo mpaka likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kiongozi wa bendi hakuwa na mafuta ya kumpaka mtu. "Dada, nakungoja mpaka mwisho wa mwezi," alisema. "Baada ya hapo natafuta mwingine. Usinichukie."

Nguzo hakuwa mtu wa kukaa akashika tama. Aliligeuza gita, mkono wa kulia ubane, wa kushoto upige kwa dole gumba. Akazihamisha nyuzi ili ule mnene ukae juu na mwembamba chini. Hapo ndipo jino lilipomtia adabu. Jino, ndivyo alivyokiita kile kipande cha plastiki kilichogandishwa juu ya shingo ya gita, karibu na kichwa, chenye mifereji minne, kila uzi na wake. Sasa uzi mnene haukuingia kwenye mfereji mwembamba. Ulikaa juu juu, ukivutwa kwa nguvu unaruka nje. Mwembamba nao ulizama kwenye mfereji mpana ukawa unalialia. Akauchomekea karatasi iliyokunjwa, akajipa moyo. Siku ya mazoezi, wimbo wa pili tu, uzi mnene ukachomoka mbele ya wote. Mpiga ngoma alicheka, kisha akaona haya.

Jumatatu walikwenda kwa fundi wa magita, mumewe amembebea mzigo. Fundi aliliweka gita chini ya taa.

"Karatasi ya nini hii?"

"Ya kunitia aibu."

Fundi alicheka kwa pua. "Nitakuchongea jino la mfupa, mifereji nimeigeuza. Lakini hili la zamani limeshikwa na gundi ya kiwandani, nikiling'oa litavunjika. Na nikishaligandisha jipya, hili ni gita la mtu wa mashoto. Umekata shauri?"

Kabla hajajibu, mumewe aliingilia. "Fundi, subiri kidogo. Tupe miezi mitatu. Mke wangu akipona, gita la mashoto tutalipeleka wapi?"

Nguzo alimgeukia. Hasira zilimpanda, na ndani ya hasira mlikuwa na huruma, maana aliona macho ya mtu yule yalivyokuwa yanaomba. Akauweka mkono wa kushoto mezani, chini ya taa, vidole vimenyooka.

"Mume wangu, angalia vizuri. Mimi nimeshapona. Kupona kwenyewe ndiko huku."

"Usiseme hivyo."

"Nisiposema mimi, atasema nani? Unangoja viote? Vidole si nywele."

Fundi akajifanya anatafuta tupa. Mume alivitazama vile vidole. Siku zote alivipaka mafuta, na pengine siku zote hakuwa amevitazama. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa kiwiko.

"Haya," alisema. "Nishike wapi?"

"Shika shingo, isicheze."

Akaishika. Fundi akaegesha kipande cha mbao kwenye jino, akampa Nguzo nyundo ndogo bila kuombwa. Pigo la kwanza lilikuwa la woga. La pili lilipasua jino vipande viwili, na vipande vikafagiliwa pamoja na vumbi.

Jumamosi mchana, mazoezini, Nguzo alikosea kuliko mwanafunzi. Mkono wa kulia haukujua pa kubana, dole gumba la kushoto lilichelewa kila kona. Lakini uzi mnene ulitulia kwenye mfereji wake, na sauti yake ilipotoka safi alisikia furaha ya kutaka kupiga kelele.

Kiongozi akasimamisha wimbo. "Dada, umekosea mara sita."

"Saba. Moja hukuisikia. Tuanze tena."

Wakaanza tena, na tena. Mara ya tano kiongozi hakusimamisha.

Mumewe alikuwa mlangoni, amekalia kreti. Jirani aliyekuwa anapita akamwinamia, akamuuliza kwa ile sauti ya chini ya watu waliokuja kumtazama mtu hospitali, "Vipi mgonjwa wetu, amepata nafuu?"

"Mgonjwa gani?" alisema mumewe. "Hebu sogea, unaniziba. Mke wangu anapiga besi."