Orodha ya Safari ya Sengerema

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa cha kijani na kukatazwa kufungua mdomo. Kazi yenyewe ilikuwa kushangilia. Msicheke. Riziki yangu niliipata kwa ufundi wa baiskeli pale Igogo, na hiyo sina haja ya kuisimulia, maana baiskeli ikishapona inaondoka na mwenyewe anakusahau. Kazi ninayoisimulia haikuwa na mshahara na niliifanya miaka ishirini na sita, katika Tawi la Mashabiki la Nyota ya Ghuba. Ilikuwa timu ya ligi ya mkoa, mali yetu sisi wanachama. Nje ya Mwanza hakuna aliyeisikia, na ndani ya Mwanza wengi walidhani ni jina la gesti.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mhamasishaji Mkuu, mbeba magunia ya dagaa mwenye kifua kama mlango wa ghala. Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba bila kuondoa macho uwanjani.

"Wewe ndiye yule fundi anayejisifu ana sauti?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Basi mwezi mzima utasikiliza tu. Mwenye sauti asiyejua kusikiliza anatuharibia, kama mlevi msibani."

Nikasikiliza. Nikagundua kwamba ushangiliaji una ufundi mwingi kuliko gia za baiskeli. Kuna kubeba, yaani mtu mmoja kuanzisha wimbo. Kuna kupokea, yaani sisi wengine kuitikia kwa pamoja, bila mtu kutangulia wala kuchelewa. Na kuna kujaza, kazi ngumu kuliko zote: tukifungwa bao, kabla wageni hawajamaliza kukumbatiana, sisi tuwe tumeshaanza kuimba, ili mchezaji wetu asisikie ukimya. Kwa kujaza unahitaji mtu asiye na akili timamu, na Mkuu alinichagua mimi. Nilipopiga ukelele wangu wa kwanza, ndege iliyokuwa inatua kule Ilemela iliyumba kidogo, na mbuzi watatu waliokuwa juu ya mawe wakateremka wenyewe kwenda kuchinjwa.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa Mapokezi. Hapo kazi ni kuwapokea wageni, kuwapa maji na viti vya kukalia, na kuhakikisha kwamba anayewatukana anawatukana kwa adabu. Mkuu alipochoka mgongo, nafasi yake ilichukuliwa na Mama Ester, muuza sato wa kukaanga, mwanamke ambaye akibeba wimbo hata mwamuzi hupata hamu ya kuitikia. Ndiye aliyenipendekeza kuwa Katibu.

"Huyu amesoma," aliwaambia wanachama. "Sisi wengine tunasaini kama kuku aliyekanyaga majivu."

Ni kweli nilikuwa nimesoma, tena masomo ya jioni ya watu wazima. Niliingia darasani nikiwa na ndevu, nikakaa dawati moja na mama muuza mihogo aliyenishinda hesabu kila wiki, nikatoka na cheti cha kidato cha nne. Tangu siku hiyo niliandika kila kitu kilichoandikika. Kama samaki wangehitaji barua ya kuhamia Ukerewe, ningewaandikia, na nakala ningebaki nayo.

Ila kazi niliyojivunia zaidi ilikuwa orodha ya safari. Kila tulipovuka maji kwenda kucheza, nilisimama kwenye geti la kivuko na karatasi yangu, nikaandika majina matatu ya kila mtu, mtaa anaokaa, na namba ya simu ya ndugu. Kisha kila mmoja alisaini. Watu wa ziwa hawahitaji kuelezwa kwa nini. Chombo kikipata shida, orodha ndiyo inayosema nani alikuwemo. Kwa hiyo kwetu hakuna aliyeuliza karatasi ile ni ya nini. Ukiona Katibu amesimama karibu na maji ameshika kalamu, unasaini.

Sasa niwaeleze Mwenyekiti wetu wa mwisho. Alikuwa na duka la vipuri vya magari, mtu wa suti na manukato, na alinishika kwa neno moja tu: msomi. "Muulizeni msomi wetu." "Hilo tumwachie msomi." Akishaniita hivyo mbele za watu, ningeweza kumtengenezea baiskeli isiyokuwepo.

Mwaka ule tulibakiza mechi moja tupande daraja, na mechi ilikuwa Sengerema. Asubuhi ya Jumamosi tulijaa kwenye kivuko, watu sabini na wanne kwa hesabu halali na elfu mbili kwa kelele. Mwenyekiti akanivuta pembeni.

"Msomi, leo juu ya karatasi usiandike kitu. Kichwa cha habari nitakipiga kwa kompyuta, kipendeze. Si tunapanda daraja?"

"Na simu za ndugu?"

"Hizo ziandike karatasi ya pembeni. Chini ya majina weka tu kwamba Katibu anathibitisha, halafu saini na muhuri."

Niliona ni jambo geni. Siwezi kusema sikuliona. Lakini alisema msomi, na upepo wa ziwa ulikuwa mzuri, na Mama Ester alikuwa ameshabeba wimbo. Nikathibitisha.

Tukashinda mbili kwa moja. Bao lao nililijaza mimi mwenyewe, mpaka kipa wao akaja kuniomba nipunguze. Tulirudi Igogo tukiimba, na orodha aliichukua Mwenyekiti.

Wiki saba baadaye wachezaji waliitwa kambini. Basi likaja, likawachukua, halikurudi. Siku ya tano tukasikia kwamba Nyota ya Ghuba imehamia mkoa mwingine, iko kwa mfanyabiashara mmoja, na ina jina jipya. Tukaenda kwenye ofisi ya mpira, mimi, Mama Ester na wengine wanane. Ofisa alikuwa kijana mpole. Alitusikiliza, akafungua faili, akatugeuzia karatasi.

Juu ilikuwa imepigwa chapa vizuri kabisa: muhtasari wa mkutano mkuu wa wanachama, waliokubali kwa kauli moja timu ihamishwe. Tarehe ilikuwa ya Jumamosi ile ya Sengerema. Chini yake yalifuata majina sabini na manne.

Mama Ester aliweka kidole kwenye namba moja.

"Hii sahihi yangu." Akateremsha kidole mpaka chini. "Na huu mwandiko wako, Katibu."

"Mama Ester, hii ilikuwa orodha ya kivuko."

"Najua ilikuwa ya kivuko. Nilikuwemo kwenye kivuko. Asiyejua ni huyu kijana, wewe unaniambia mimi. Mwambie yeye."

Ofisa akasema jambo linaweza kurekebishika. Kuna siku kumi na nne za pingamizi. Katibu aandike kwa mkono wake kwamba alithibitisha karatasi isiyokuwa na kichwa, aisaini, ailete. Siku zinaanza kuhesabiwa leo.

Kesho yake Mwenyekiti akaja kwenye banda langu la baiskeli. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikaa juu ya tairi na suti yake.

"Kaka, andika tu. Sikuzuii. Lakini hebu jisomee mwenyewe kwanza: 'Mimi Katibu nilisaini nisichokijua.' Itabandikwa ubaoni ile. Watasema hata wale wanaosaini kwa dole gumba wana akili kuliko msomi. Ngoja kwanza, mimi naongea na wakubwa, timu itakuja kucheza mechi kadhaa hapa nyumbani. Usijidhalilishe bure."

Nikangoja. Mama Ester alipita kila siku na beseni lake. "Umeandika?" "Naandika." Wala sikudanganya, nilikuwa naandika. Niliandika barua ile mara tisa, na kila mara niliyapanga maneno nionekane nimedanganywa bila kuonekana mjinga. Niliweka misemo mikubwa. Nikaifuta, nikaanza upya. Siku ya kumi na sita ndipo nilipoandika mistari minne ya kawaida, ile ambayo ningeweza kuiandika siku ya kwanza, nikaipeleka mbio.

Ofisa aliisoma amesimama.

"Mzee, barua ni nzuri," alisema. "Ungeileta juzi."

Niliitisha kikao cha wanachama, nikasema yote, hata zile barua tisa. Nilitegemea matusi, na ninyi mnajua matusi ya mashabiki wa Igogo yanavyoweza kumenya ndizi kwa mbali. Hakuna aliyetukana. Mmoja mmoja walivua vitambaa vya kijani, wakaviweka mezani mbele yangu, wakaondoka. Mama Ester alikuwa wa mwisho. Alikikunja chake vizuri kama nguo ya mtoto.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Kustaafu ni neno la heshima, nimelichagua mwenyewe. Timu sasa inacheza mbali, kwa jezi ya bluu, na mara mojamoja inaonyeshwa kwenye televisheni. Wawili kati ya wachezaji wale nawafahamu tangu walipokuwa wanaiba hewa ya pampu yangu. Mwenyekiti bado ana duka, na tukikutana bado ananiita msomi. Vijana mkikaa kijiweni mnasema yeye ndiye aliyeiua Nyota ya Ghuba, nami kwa muda mrefu niliwaacha mseme. Yeye alihitaji asubuhi moja. Zile siku kumi na sita zilikuwa zangu.

Mwaka huu akina Mama Ester wameanzisha timu nyingine, ya daraja la chini kabisa, wachezaji wengine hawana hata viatu. Nilikwenda siku ya kuandikisha wanachama, nikapanga foleni kama mtu yeyote. Binti aliyekuwa anaandika alinitazama, akamtazama Mama Ester.

"Mwandike," alisema Mama Ester. "Kalamu usimpe."

Binti akaandika jina langu. Nikauliza kazi yangu itakuwa ipi.

"Piga kelele," alisema Mama Ester. "Kwenye kelele hujawahi kutuangusha."

Sikumwambia kwamba sauti yenyewe imebaki nusu. Nilikwenda kusimama nyuma kabisa, nikangoja abebe, nikapokea.