Popo wa Jedi Shingoni Mwangu

Enzi zetu hapa La Rochelle, mtaa wa wahamiaji huku kusini mwa Afrika, mtoto alikuwa wa uwani kote. Tulicheza rede kuzunguka bomba mpaka mama yeyote atuite kula, na tulikula kwake: maandazi kwetu Wazanzibari, sombe, yaani kisamvu, kwa Wakongo, mikate ya mvuke kwa Mama Lin, Mchina aliyeuza vito vya mawe ya kijani. Chumba chake na chetu vilitenganishwa na ukuta mmoja. Mimi nilikuwa mgonjwa wa kifua, na kikohozi changu alikijua vizuri.

Siku moja akanivisha jiwe la jedi, mojawapo ya yale mawe yake ya kijani. Lilichongwa popo, ametandaza mabawa juu ya tunda la pichi. Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza alimweleza mama kwamba kwao popo ni heri na pichi ni umri mrefu. Mama alishukuru sana, akanishika mkono, akafunga mlango wetu.

"Astaghfirullah! Popo ni mkosi! Mtoto kifua chenyewe hichi, nimvishe popo?"

Lakini zawadi ya jirani hairudishwi. Basi akalishona jiwe ndani ya kitambaa cheusi, kama hirizi, popo asionekane. Mama Lin alipoona alifurahi mno. Alidhani ndivyo tunavyotunza vitu vya thamani. Nikakua nalo shingoni, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Sasa kifua kimehamia kwa mama. Nimechoka, nisiseme uongo. Nikitoka kazini Braamfontein namkalisha, namsugua mgongo, nasikiliza pumzi zake. Binti yangu, anayemjibu bibi yake kwa Kizulu, juzi alisikia habari za popo akatafuta kwenye simu. "Eish, Mama, kwa Wachina ni bahati! Hamkujua?"

Tulijua, mwanangu. Tuliambiwa na mtu aliyenisikia nikikohoa.

Jana mama aliniomba nifumue zile nyuzi. Jiwe limekolea ukijani, Mama Lin alisema jasho la mvaaji ndilo hulikoleza. Mama akalipapasa kwa kidole, mabawa, kisha tunda.

"Maskini Mama Lin," akasema. "Nivishe, mwanangu. Bila kitambaa."

Nikamvisha. Upande wa pili wa ukuta, chumba kilichokuwa cha Mama Lin, siku hizi wanaishi watu nisiowajua hata majina. Mama akikohoa, wao huongeza sauti ya televisheni.