Masale ya Mpakani

Baba yangu aliapa kwamba nyumba yake haitakula cha dukani ila chumvi. Kule Kilimanjaro alikozaliwa, juu karibu na msitu, kihamba cha babu, yaani shamba la urithi, kililisha ukoo mzima: ndizi, magimbi, maharage, maziwa ya ng'ombe wa zizini. Alipostaafu alihamia Chanika na akili hiyo hiyo, kwenye mchanga na jua la pwani. Nilimwambia migomba ya baridi haitaliweza joto la huku. Akanijibu kwamba mvivu hakosi sababu. Basi tukabeba maji na samadi mpaka mabega yakachubuka, na mwaka jana mikungu ya kwanza ikatoka, myembamba, lakini ikatoka. Ukaidi wake niliuchukia. Mikungu ile niliipenda.

Mpakani alipanda masale, mimea ya majani marefu aliyokuja nayo kutoka kwao. Kwetu sale ndilo linaloonyesha shamba la mtu linaishia wapi, na kuling'oa ni kumpora ardhi mchana kweupe. Jirani yetu, mzee wa Kizaramo aliyezaliwa palepale, hakuyajua hayo. Yeye aliona maua. Siku moja akayang'oa, akayapanda mbele ya mlango wake na kuyazungushia vijiwe.

Baba hakuuliza. Alivuka na panga akafyeka mihogo ya mzee yote, na mzee alipojaribu kumzuia, panga likamchana kiganja. Mzee alikuwa bado yuko zahanati wanawe wawili walipoingia kwetu. Walikata migomba yote, wakaikanyaga mikungu mibichi ikapasuka. Mama alijitupa juu ya mgomba mmoja, wakamburuta kwa kanga yake. Mmoja wao nilimrushia jembe likamkosa. Nilisikitika, na nasikitika hata leo.

Kesho yake, jua lilipopanda, baba alisema anakwenda kuomba radhi. Kwetu aliyekosa humpelekea mwenzake jani la sale. Anayepelekewa hawezi kukataa, na aliyelishika hanyanyui mkono. Ila masale yote yalikuwa mlangoni kwa jirani. Nilimsihi aende na maneno tu. Akasema maneno hata mwizi anayo.

Nilimfuata kwa nyuma. Aliinama pale mlangoni akachuma jani. Mzee akatoka, kiganja kimefungwa bandeji, akamkuta mtu yule yule amerudi kwenye maua yale yale. Akashika mchi wa kinu kwa mkono mzima. Baba angeweza kuukwepa. Alisimama na jani lake, mchi ukamvunja mkono wa kulia, ukarudi tena ukatua begani. Jani akalihamishia mkono wa kushoto.

Nilikuwa napiga mayowe. Mke wa mzee akanishika bega.

"Hilo jani la nini?"

"Anaomba samahani, mama. Kwetu inaombwa hivyo."

Alimtazama mumewe, akautazama mkono wa baba unavyoning'inia. Kisha akaanza kuyang'oa masale, moja baada ya jingine, akiyatupa upande wetu.

"Chukueni samahani yenu yote. Mie sitaki hata moja mlangoni kwangu."

Jioni mama alinunua sembe dukani. Baba alikula kwa mkono wa kushoto, na hakuuliza unga umetoka wapi.

Masale niliyapanda mimi, palepale mpakani. Migomba ilichipua kidogo, kiangazi kikaikausha. Kati ya vyote alivyoshusha baba kutoka mlimani, ni hayo tu yaliyoshika.