Jua la Dodoma na Matege ya Mjukuu

Juzi kwenye zahanati ya Mkonze, bibi mmoja alileta mjukuu amefunikwa kanga mbili gubigubi. Muuguzi akamkagua miguu. "Bibi, huyu anaanza matege."

"Mbona maziwa anakunywa, mwanangu?"

"Jua halioni. Ngozi ikipata jua ndiyo inatengeneza vitamini D. Bila hiyo, mwili hauchukui kalsiamu ya maziwa vizuri, mifupa inabaki laini."

Bibi akacheka. "Dodoma hii mtu akose jua? Mimi namkinga na jicho baya la watu."

Hakuamini. Basi mimi niliyekuwa kwenye foleni, niliyejifunza kusoma ukubwani, nikamsomea bango la ukutani taratibu mpaka mwisho. Lilisema vilevile.

Bibi akatoka nje, akamfungua kanga. Mtoto akarusha mateke.

"Haya, mtazameni," akawaambia waliokaa foleni. "Mpaka mchoke kumtazama, atakuwa anakimbia."